Pongezi kwa Walioipima Kompyuta

Joy Buolamwini, wakati huo akiwa mwanafunzi wa uzamili mwenye asili ya Ghana katika chuo cha MIT, Marekani, alianza kuhoji baada ya programu ya kompyuta kushindwa kuiona sura yake mpaka alipovaa kinyago cheupe. Mwaka 2018, yeye na Timnit Gebru, mzaliwa wa Ethiopia, walipima programu za kampuni tatu zinazotambua jinsia kwa kutazama uso, wakitumia picha 1,270 za wabunge wa nchi sita, Rwanda ikiwemo. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7. Hiyo ni kazi ya kupongezwa kwa mikono miwili.

Wapo wanaosema sayansi haina rangi, na kwamba kuwatafuta wanawake na Waafrika wawe watafiti kunashusha viwango vya vyuo. Kweli, jibu sahihi halina rangi. Lakini swali huulizwa na mtu, na swali la nani hukosewa na mashine halikuwa limewashughulisha sana wale ambao mashine iliwatambua bila shida. Tena viwango vilipanda: baadaye kampuni zote tatu zilipunguza makosa yao. Wakuu wa maabara za vyuo vyetu, mnapochagua watafiti wapya, tazameni ni nani hayumo chumbani, mkamwite.