Kejeli na Urasimu katika "Milima ya Samawati" ya Rezo Cheishvili

Rezo Cheishvili (1933–2015), mzaliwa wa Kutaisi, alikuwa mwandishi wa riwaya na hadithi ambaye umahiri wake ulidhihirika pia katika uandishi wa filamu. "Milima ya Samawati", filamu iliyoongozwa na Eldar Shengelaia mwaka 1983, wakati Georgia ilipokuwa bado ndani ya Muungano wa Kisovieti, ilitokana na hadithi yake mwenyewe.

Kisa chenyewe ni chepesi. Soso, mwandishi kijana, anapeleka mswada wake katika shirika la uchapishaji. Kila mhariri anampokea kwa heshima na kuahidi kuusoma, wala hausomi. Misimu inapita, kuta zinapasuka, hatimaye jengo linaporomoka. Watumishi wanahamia jingine na kuendelea vilevile.

Yumkini mtazamaji atalalamika kwamba matukio yanajirudiarudia. Hata hivyo, takriri hiyo ndiyo fani iliyobeba maudhui. Cheishvili hakuumba mhusika mwovu wa kulaumiwa. Wote ni waungwana. Hapo ndipo kejeli yake inapokata: asasi inaangushwa na watu wema wasiotenda kazi waliyoajiriwa kuitenda. Wahakiki nao, wanaolipwa kusoma maandishi ya wengine, hawana budi kuipokea kejeli hiyo kuwa inawahusu.