Lugha ya Mama Isiyokuwa ya Mama: Tahakiki ya Mfumo wa Foyer wa Molenbeek

Kitabu tunachokijadili hapa si kipya. Kilitolewa mwaka 1990, wahariri wake wakiwa Michael Byram, Mwingereza, na Johan Leman, Mbelgiji, nacho kinaitwa Bicultural and Trilingual Education: The Foyer Model in Brussels. Tumekirudia kwa sababu katika mijadala yetu ya kuingiza lugha na utamaduni wa wenyeji mashuleni, aghalabu hutokea msemaji akaitaja Ulaya kana kwamba huko jambo hili limekwisha. Halijaisha, na kitabu hiki, kikisomwa kwa makini, chaonyesha kwa nini.

Foyer ni taasisi ya Molenbeek, moja ya manispaa 19 za Brussels, ng'ambo ya mfereji wa maji uendao Charleroi. Zamani palikuwa mahali pa viwanda na mafundi wa Kiflemi. Baada ya vita vikuu, Ubelgiji ilihitaji mikono: ikafanya mapatano na Italia mwaka 1946, na Hispania 1956, kisha na Morocco tarehe 17 Februari 1964, na Uturuki mwaka huohuo. Wamorocco waliofika Molenbeek wengi wao walitoka Rif, milima ya kaskazini ya Al Hoceima na Nador. Hapa pana jambo ambalo msomaji wa jarida hili atalitambua upesi kuliko msomaji wa Ulaya. Watu wa Rif si Waarabu kwa lugha. Ni Waamazigh, wenyeji wa Afrika ya Kaskazini tangu kabla ya Uislamu, na nyumbani husema Tarifit.

Mwaka 1981 Foyer ilianza mpango wake katika baadhi ya shule za Kiholanzi za Brussels. Kwa sheria ya lugha ya mwaka 1963, shule ya mji huo huwa ama ya Kifaransa ama ya Kiholanzi, hakuna ya tatu. Ndani ya ukuta huo Foyer ilitoboa dirisha: mtoto wa Kiitaliano, wa Kihispania, wa Kituruki au wa Kimorocco alianza chekechea akiwa sehemu kubwa ya wakati na wenzake wa lugha yake, kisha kidogo kidogo akachanganywa na wengine, hata kufikia darasa la tatu masomo karibu yote yakawa kwa Kiholanzi na lugha ya kwao ikabakiwa na saa chache kwa wiki. Kifaransa nacho kilifuata, ndiyo maana ya lugha tatu katika jina la kitabu.

Tunausifu mpango huu kwa jambo moja kubwa. Lugha ya mtoto iliwekwa ndani ya saa za shule, mbele ya macho ya mwalimu mkuu. Watoto wa Molenbeek waliokosa mpango kama huo hujifunza Kiarabu msikitini Jumatano alasiri, shule zikiwa zimefungwa, au Jumamosi na Jumapili. Sisi tuliolelewa chuoni alfajiri na skuli ya Kiingereza baadaye twajua mtoto hujifunza nini kutokana na ratiba: kwamba lugha moja ni ya cheti na nyingine ni ya muda uliobaki.

Lakini lugha iliyowekewa nafasi kwa watoto wa Kimorocco ilikuwa Kiarabu, na hapo ndipo tunapotofautiana na wasanifu wa mpango. Agizo la Jumuiya ya Ulaya la Julai 1977 kuhusu elimu ya watoto wa wafanyakazi wahamiaji lilikwisha kuviunganisha vitu viwili, lugha ya mama na utamaduni wa nchi ya asili, kana kwamba ni kitu kimoja. Na nia yake kubwa ilikuwa kumwezesha mtoto kurejea kwao. Wamorocco hawakuhusika na agizo hilo, kwa kuwa lilikuwa la raia wa nchi wanachama, lakini fikra yake iliwafuata kupitia mapatano na Rabat. Katika shule za Kifaransa za Ubelgiji pia, masomo ya lugha na utamaduni wa asili kwa watoto wa Kimorocco yalikuwa ya Kiarabu, walimu wakitoka Morocco yenyewe. Dola ndiyo iliyoulizwa lugha ya mama ni ipi, na dola ikajibu kwa niaba ya mama.

Leman si mtu wa kutojua haya. Alikwisha kuwachunguza Wasisilia wa Brussels, na watoto wao nao walifundishwa Kiitaliano sanifu ambacho bibi zao hawakukisema. Kwa Msisilia, hata hivyo, lugha hizo mbili ni jamaa. Kati ya Tarifit na Kiarabu fasaha pana masafa makubwa zaidi, na darija ya Kimorocco imekaa katikati. Mama wa Rif aliyeletewa daftari la "lugha ya mama" hakuweza kulisoma wala kusaidia kazi ya nyumbani.

Alichokuwa nacho mama huyo hakikuulizwa. Wanawake wa Rif wana izran, beti fupi zinazoimbwa arusini, na kuna shairi refu la Dhar Ubarran kuhusu vita vya Juni 1921, siku watu wa Abdelkrim al-Khattabi walipowashinda Wahispania mlimani. Mwalimu wa historia angeweza kufundisha mwaka mzima kwa shairi hilo.

Asidhani mtu kwamba tunataka Kiarabu kitolewe. Kwetu, mtoto alikifikia Kiarabu kwa kupitia Kiswahili. Mwalimu alisoma na kufasiri, na Hamziyya ikapata Kiswahili chake kwa kalamu ya Sayyid Aidarus, kwa herufi za Kiarabu. Wenzetu wa Sous, kusini mwa Morocco, walifanya vivyo hivyo: Muhammad Awzal, aliyefariki 1749, alitunga al-Hawd, fiqhi ya Maliki kwa mashairi ya Tashelhit na kwa herufi zilezile. Njia ilikuwapo karne mbili na zaidi kabla ya Foyer.

Morocco yenyewe imebadilika tangu kitabu kitoke. Taasisi ya Kifalme ya Utamaduni wa Kiamazigh iliundwa 2001, lugha ikaingia mashuleni 2003 kwa herufi za Tifinagh, na katiba ya 2011 ikaifanya rasmi. Ni heri, ingawa Kiamazigh sanifu nacho si Tarifit ya Nador, na Tifinagh ni herufi ambazo mama yule hakuziona chuoni.

Nasi hatuna la kujivunia. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa usanifu, na tangu hapo mtoto wa Amu husahihishwa lugha ya nyanya yake kwa wino mwekundu. Mtaala wa umilisi wa Kenya umeweka lugha za kiasili katika madarasa ya chini, lakini kwa kuwa Kiswahili ni lugha ya taifa, Kiamu na Kimvita huhesabiwa kuwa vimekwisha kupewa haki yao. Na huko Brussels, wazazi wa Bukavu na Lubumbashi wanaoishi karibu na Matonge, Ixelles, wakipewa kesho kipindi cha Kiswahili, kuna hatari aletwe mwalimu wa Kiswahili sanifu kutoka Dar es Salaam, naye siku ya kwanza awaambie watoto kwamba baba zao hawajui Kiswahili.

Kwa hiyo anayetaka kuiga mfumo wa Foyer na auchukue kwa ratiba yake, ambayo ni nzuri. Orodha ya lugha na aiandike upya, kwa kuanzia nyumbani kwa mtoto.