Maziwa Kwenye Blauzi

Mara ya kwanza kusoma The Joys of Motherhood ya Buchi Emecheta nilikuwa chuo, na kama wengi wetu nilikimbilia mwisho: Nnu Ego anafia kando ya barabara, peke yake, na watoto aliojinyima kwa ajili yao wako mbali. Nikaandika insha kuhusu watoto wasio na shukrani, nikapata alama poa sana. Safari hii nimeisoma usiku, mtoto wa miezi minne akinyonya, na nimeshangaa ni vitu vingapi niliruka.

Sura ya kwanza imenimaliza. Ni Lagos, mwaka wa 1934. Mwanamke anakimbia kwenda kujirusha kutoka Daraja la Carter. Mwanawe Ngozi, wa wiki nne, amekutwa amekufa kwenye mkeka. Lakini mwili wa mama haujapata habari: matiti yamejaa, yanauma, maziwa yanamwagika na kulowesha nguo huku akikimbia.

Chuoni nilidhani hayo ni madoido ya huzuni tu. Kumbe mwili hufanya hivyo kweli. Siku yangu ya tatu kazini baada ya likizo ya uzazi, katikati ya mkutano, mtu alifungua video ya mtoto anayelia, na blauzi yangu ikalowa mbele ya wenzangu wote. Tangu siku hiyo navaa sweta, hata jua likiwaka namna gani.

Sheria ya Ajira ya 2007 inatupa miezi mitatu yenye mshahara. Kliniki nayo inakwambia mtoto anyonye tu, bila hata maji, hadi miezi sita. Hiyo mitatu iliyobaki utajua mwenyewe. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyesha, na inasema wazi kisiwe chooni. Mimi nimekamulia chooni, chupa juu ya paja, mtu akigonga mlango: "Kuna mtu?" Na huko kliniki mtoto alipimwa uzito, akachanjwa; mimi niliulizwa tu kama nimebeba kijitabu. Nilikuwa nimelia kwenye matatu njia nzima.

Oshia anapozaliwa, Nnu Ego anaacha kuuza sigara na viberiti. Anajiambia Ngozi alimponyoka kwa sababu yeye alishughulika mno na pesa. Emecheta hamkosoi wala hamsifu. Anangoja. Vita vinaanza, Mzungu anayemwajiri mume wake anarudi Uingereza, kazi inaisha, na sigara zilezile ndizo zinazoleta chakula. Hakuna anayemwomba msamaha kwa ile hatia aliyoibeba. Hapo niliweka kitabu chini kidogo, kwa sababu shosho ameshaniuliza mara mbili kama kazi haiwezi kungoja, na bosi ameniuliza lini nitarudi "kabisa kabisa".

Nina ugomvi mmoja na Emecheta. Baada ya Ngozi, watoto wanafuatana, uzazi mwingine unaumiza kuusoma, lakini zile wiki zinazofuata zinapita chapuchapu. Tunaambiwa karo na chakula. Mgongo, usingizi na damu tunajaza wenyewe. Na huyu ni mwandishi aliyelea watoto watano London huku akifanya kazi na kusoma. Alijua. Labda alichoka kueleza, au labda mimi ndiye ninayetaka kitabu kimoja kinifanyie kila kitu.

Ila pale darajani hakukosea. Umati unamshangaa mwanamke anayetaka kujiua, hadi unaposikia amefiwa na mtoto. Ghafla wote wanaelewa, haraka mno, kana kwamba bila mtoto hakuna mtu wa kuokolewa pale.

Mdogo wangu amepewa kitabu hichohicho chuoni. Jana amenitumia meseji ati nimweleze mwisho, ana insha ya Ijumaa. Nimemjibu arudi sura ya kwanza, asome nguo inavyolowa, halafu anipigie.