Zege na Mkono wa Fundi

Ukiingia kanisa la Anglikana la Mkunazini, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, utaoneshwa madhabahu, halafu utateremshwa kwenye vyumba vya chini vya jengo la jirani. Mimi ningekuomba kwanza utazame juu. Paa lile limepinda kutoka ukuta huu hadi ule, na halina boriti hata moja. Ni zege, la saruji ya Portland na matumbawe yaliyopondwa. Askofu Edward Steere, yule yule aliyeandika vitabu vya sarufi ya Kiswahili, alianza kulijenga kanisa mwaka 1873, mwaka ule ule lilipofungwa soko la watumwa lililokuwa hapo, na kazi ikachukua miaka kadhaa. Walikuwepo waliobashiri kwamba paa litaporomoka. Lakini Steere alijua analolifanya: zege hustahimili sana kubanwa, na upinde wote ule ni mawe yanayobanana. Lisichokiweza zege ni kuvutwa, na ndiyo sababu leo tunalitia nondo.

Mji Mkongwe husifiwa kwa milango yake ya nakshi, na kwa haki. Zege likitajwa huwa ni la kulaumiwa: limeharibu sura ya mji, halina roho, ni mambo ya yale maghorofa ya Michenzani. Naona linaonewa. Hata kabla saruji haijafika bandarini, mafundi wa Unguja walikuwa na zege lao la chokaa. Matumbawe yalichomwa juu ya magogo, yakazimwa kwa maji, chokaa ikaachwa ikomae. Kuta zikasimamishwa kwa mawe, chokaa na udongo mwekundu. Juu zikapangwa boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio uliofanya vyumba vya Mji Mkongwe viwe vyembamba na virefu, kisha yakaja mawe na tabaka nene la chokaa na vijiwe. Tabaka hilo lilipigwa kwa vijiti, siku baada ya siku, na safu za watu wakienda kwa mdundo wa nyimbo. Kupiga huko kulikuwa ndiyo kazi yenyewe. Kila pigo lilitoa maji yaliyozidi na kuziba vitundu ambavyo mvua ya masika ingepitia.

Fundi wa leo ana vitu vinne: saruji, mchanga, kokoto na maji. Saruji inavuka bahari kutoka Bara, mfuko kwa mfuko. Kokoto mara nyingi zimepita mikononi mwa wanawake wanaokaa vivulini na nyundo zao, wakigonga jiwe la shamba mpaka libaki la ukubwa wa ndimu. Watu hao hawaingii kamwe katika hesabu ya mafundi, na nadhani ni kosa. Mchanga ndio mtihani wa kisiwani. Wa pwani uko karibu na haugharimu kitu, lakini una chumvi, na chumvi hula nondo. Wa shambani unaweza kuwa na udongo. Fundi mzoefu huchukua gao moja, akalisugua kiganjani: kiganja kikibaki na doa, mchanga unarudishwa, hata kama gari limeshamwaga.

Kipimo kinachojulikana na kila saidia fundi ni moja kwa mbili kwa nne: ndoo ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Hicho hata mtoto hukikariri. Ufundi uko kwenye maji, ambayo hakuna anayeyahesabu. Saruji na mchanga hugeuzwa vikavu kwa beleshi mpaka rangi iwe moja, kokoto zikaingia, ikachimbwa shimo katikati ya lundo, na hapo ndipo mkono unapotakiwa kuwa mzito. Zege zuri hukaa kama bokoboko lililopikwa likaiva. Vibarua wanataka liwe jepesi, kwa sababu karai la zege jepesi linamwagika bila kusukumwa na jua la saa sita halina huruma. Fundi anakataa. Maji yasiyotumiwa na saruji yatakuja kuondoka, na pale yalipokuwa patabaki vitundu. Kwa vitundu hivyo itaingia hewa ya bahari mpaka ikute chuma. Kutu huvimba kuliko chuma kilichoizaa. Nenda ukatazame vibaraza vya nyumba za ufukweni, uone zege lilivyobanduka chini na nondo zikiwa nje.

Kwa hiyo kuna biskuti, vitofali vidogo vya saruji vinavyowekwa chini ya nondo ili zisilale kwenye mbao. Ni kitu kidogo sana kwa macho. Jamvi la zege lisilo na biskuti na lenye biskuti hufanana siku ya kumwaga, na hata kwa miaka kadhaa baadaye; tofauti huonekana kutu inapoanza.

Saruji ina makosa yake, na kubwa ni kupakwa pasipo pake. Ukuta wa mawe na chokaa huvuta unyevu na kuutoa. Ukiupiga plasta ya saruji, unyevu unabaki ndani, chumvi inaganda, na baada ya muda plasta inaanguka pamoja na kipande cha ukuta. Nyumba ya chokaa itengenezwe kwa chokaa.

Zege halikauki, ingawa ndivyo tunavyosema. Linashika: saruji inakunywa maji na kuwa jiwe, na wahandisi hulipima nguvu zake likifikisha siku 28. Siku saba za mwanzo linataka kunyweshwa asubuhi na jioni, likifunikwa magunia yaliyolowa. Kazi hiyo hupewa kibarua mdogo kuliko wote, kwa ujira mdogo kuliko wote, wakati fundi ameshahamia kwingine na mwenye nyumba anaona maji yanapotea bure. Ningekuwa mwenye nyumba, huyo wa ndoo ningemlipa kwanza.