Kusoma Kabla ya Kusikia

Mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliotolewa mwaka 2015, uliotanguliza kusoma, kuandika na kuhesabu, ulistahili sifa kwa kuwapunguzia watoto wadogo wingi wa masomo. Lakini ulimdhania kila mtoto kuwa aingia shuleni na Kiswahili masikioni. Huko Tumati, katika nchi ya Mbulu, watoto wengi hulelewa kwa Kiiraqw. Mtoto wa namna hii huimba ba, be, bi, bo, bu pasipo kosa, maana silabi za Kiswahili ni nyepesi mno (na wepesi huo ndio umdanganyao mwalimu); kisha hutamka ng'ombe vema, wala hajui kwamba ndiye slee aliyemwacha zizini asubuhi. Twawezaje kusema amesoma? Kwa maoni yetu, miezi ya kwanza na iwe ya hadithi na mazungumzo ya Kiswahili, kitabu kikiwa kimefungwa. Na neno likisomwa, mwalimu amwulize mtoto maana yake, akubali jibu la Kiiraqw. Wako walimu waikatazao lugha hiyo hata uwanjani, nasi hatuoni watapimaje kama mtoto ameelewa.