Epulu 2012: risasi zilitoka wapi?

Alfajiri ya Jumapili, Juni 24, 2012, waasi wa Mai-Mai Simba wakiongozwa na Paul Sadala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Morgan, walivamia kituo cha Hifadhi ya Okapi pale Epulu, mashariki ya mji wa Niania, katika msitu wa Ituri, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Waliua watu wasiopungua 6, wakiwemo walinzi wa hifadhi, wakachoma majengo, wakapora, kisha wakateka wanakijiji wawabebee mizigo hadi porini. Okapi 13 waliokuwa wakitunzwa mazizini walipigwa risasi siku hiyo hiyo. Wa 14 akafa baadaye kwa majeraha. Tangu hapo imeenea simulizi ya Morgan kama mwendawazimu wa porini aliyekuwa akiibuka na kutoweka apendavyo. Inasisimua, lakini haituelezi kazi ile ilifanywaje.

Tuanze na okapi, maana ndio wanaotatanisha. Okapi hana pembe za ndovu, na jangili anayehesabu risasi zake hawezi kuzimaliza kwa wanyama 14 wasiomletea fedha. Lakini kituo kile, kilichoanza kama kambi ya kukamata okapi mwaka 1952, kilisimama kwa sababu yao: wao ndio waliovuta misaada ya bustani za wanyama za ng'ambo, na sehemu ya misaada hiyo iliwasaidia walinzi wa ICCN, taasisi ya Kongo ya uhifadhi wa mazingira, kufanya doria. Walinzi hao hao walikuwa wakiwatimua wachimba dhahabu na majangili ndani ya hifadhi. Aliyeua okapi alilenga uhai wa kituo chenyewe, na kituo kikilala, eneo la kilomita za mraba zaidi ya 13,000 linabaki bila jicho.

Wapo watakaosema hicho kilikuwa kisasi tu, na kweli hasira ilikuwepo. Morgan mwenyewe alikuwa jangili, na walinzi walikuwa wakiwatimua majangili. Ila kisasi kingeishia Epulu. Kundi lake liliendelea na machimbo ya dhahabu, na Januari 2013 likaingia hadi mji wa Mambasa. Mtu anayepigana miezi yote hiyo anahitaji risasi, na risasi haziokotwi chini ya miti. Mwenye kuijua ramani ya Ituri ataona ugumu ulipo. Pale Niania njia ya Isiro inaachana na barabara ya taifa nambari 4, iunganishayo Kisangani na Bunia. Mtu anaweza kujificha msituni mwaka mzima, lakini pembe za ndovu zikitakiwa kumfikia mnunuzi, na maboksi ya risasi yakitakiwa kurudi, lazima yakutane na barabara chache zenye vizuizi vya askari. Shehena inayovuka vizuizi hivyo mara kwa mara ina mtu anayeifungulia njia.

Hili halitokani na hisia za mchambuzi. Mwishoni mwa 2012 Kundi la Wataalamu la Umoja wa Mataifa liliripoti kwamba Jenerali Jean-Claude Kifwa, aliyekuwa kamanda wa mkoa wa 9 wa kijeshi huko Kisangani, alimpa Morgan silaha, risasi, sare na vyombo vya mawasiliano, naye akalipwa kwa pembe za ndovu. Ni kweli kwamba ripoti si hukumu, na hoja hiyo ina uzito: wataalamu hawakuwa mahakama. Hata hivyo maelezo yao yanajibu swali ambalo simulizi ya mwendawazimu inaliruka, yaani bunduki zilikuwa zikilishwa na nani.

Aprili 2014 Morgan alijisalimisha, na baada ya muda mfupi akafa mikononi mwa jeshi. Jeshi lilisema alijaribu kutoroka, yakatokea majibizano ya risasi, akapigwa miguuni. Huenda ndivyo. Lakini jeraha la miguu ni la mtu anayeweza kuokolewa akizuiwa damu mapema, na huyu alikuwa mfungwa ambaye ushahidi wake ungewagusa watu wenye vyeo. Hakufika mbele ya hakimu. Kwa hiyo mpelelezi atakayelifungua tena faili la Epulu asipoteze siku zake kufuata nyayo porini. Aanze na orodha ya magari yaliyopita vizuizi vya barabara nambari 4 mwaka 2012, na askari waliokuwa zamu.