Miwani ya Mtu wa Theluji kwenye Maji ya Mwani

Mwaka jana nilikaa na simu karibu usiku mzima nikitafuta miwani ya kumnunulia mama mdogo wangu wa Mlingotini. Ana miaka hamsini na kitu, analima mwani, na alikuwa na malalamiko mawili: haoni vizuri fundo analolifunga, na mng'ao wa maji unamtoa machozi. Nikatafuta habari za miwani ya kupimiwa inayofaa penye jua kali na mwanga unaoakisiwa. Ushauri wa maana nilioupata, karibu wote, uliandikwa kwa ajili ya watu wanaoteleza kwenye theluji.

Nikajiambia theluji inaakisi, maji yanaakisi, basi ni yale yale. Nikaenda dukani Dar, nikalipa hela ya kuuma, nikampelekea miwani ambayo lenzi yake juu ni ya mbali na chini ni ya karibu, na yote inageuka rangi juani. Muuzaji alisema ni miwani ya kila kitu.

Aliivaa bamvua moja tu. Sasa iko kabatini. "Mwanangu," aliniambia, "hii nzuri ya kuvaa harusini."

Kwa hiyo leo naichambua miwani hiyo, na mnunuzi wake pia, maana mimi ndiye niliyekuwa na shahada ya sayansi na bado nikanunua vibaya.

Walichopatia watu wa theluji

Tuwape haki yao kwanza. Anayeteleza kwenye theluji haulizwi namba ya macho tu. Anaulizwa mwanga wa huko ukoje, atatazama umbali gani, na mwili wake utakuwa unafanya nini. Ndiyo maana kuna miwani mikubwa inayokumbatia uso, yenye matundu ya kupitisha hewa ili isiingie ukungu, na lenzi ndogo za kupimiwa zinazopachikwa kwa ndani. Hata giza la lenzi limepangwa kwa madaraja, kuanzia 0 hadi 4. Daraja la 3 hupitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga. La 4 hupitisha asilimia 3 hadi 8 tu, na hairuhusiwi kuendeshea gari.

Maswali yao ni mazuri. Kosa langu lilikuwa kubeba majibu yao na kuyaacha maswali. Majibu yale ni ya mtu aliyeinua kichwa, anayetazama mbele, kwenye baridi. Mama mdogo anainama, anatazama chini, maji yako magotini, na joto limepita nyuzi 30.

Kosa la 1: rangi inayogeuka

Lenzi inayogeuka rangi ina molekuli ambazo zikipigwa na mionzi ya UV hubadilika umbo na kuanza kunyonya mwanga. Hapo lenzi inakuwa nyeusi. Lakini joto huzirudisha molekuli hizo kwenye umbo la mwanzo. Kwa hiyo kuna mvutano: UV inasukuma kwenye giza, joto linavuta kwenye weupe. Kwenye baridi UV inashinda na lenzi inakuwa nyeusi tii. Kwenye joto la pwani lenzi ile ile inaishia kuwa na kijivu cha kati.

Yaani ungepanda nayo Kilimanjaro ingefanya kazi kuliko hapa Mlingotini. Mama mdogo aliponiambia "haikolei" nilidhani hajui kuitumia. Kumbe alikuwa ananisomea fizikia.

Kosa la 2: dirisha la chini

Hili ndilo lililonitisha. Lenzi ya karibu ya namba +2.00 huweka sawasawa vitu vilivyo kama sentimita 50 kutoka machoni, yaani 1 gawanya kwa 2, kwa mita. Ni umbali mzuri wa kusoma au kufunga fundo ukiwa umekaa. Sasa simama, halafu utazame miguu yako. Kutoka jichoni hadi chini ni kama mita moja na nusu, na unatazama kupitia sehemu ile ile ya chini ya lenzi. Ardhi yote inakuwa ukungu.

Kwenye sakafu ya sebuleni utavumilia. Kwenye shamba la mwani huko chini kuna vijiti vilivyochomekwa mchangani, kamba zilizovutwa baina yake, magamba makali ya kombe, na pengine samaki taa aliyejifukia. Mama mdogo alikanyaga gamba siku ya pili. Kidonda kilimweka nje ya maji bamvua iliyofuata, na mkulima wa mwani akikosa bamvua amekosa siku za kazi ambazo hazirudi.

Na hili limepimwa. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2002 uliona kwamba wazee wanaovaa lenzi za aina hii walikuwa na uwezekano wa kuanguka zaidi ya mara mbili ya wasiozivaa. Mwaka 2010 watafiti wa huko huko wakawapa baadhi ya wazee miwani ya ziada ya lenzi moja, ya kutokea nje. Waliozoea shughuli za nje walianguka mara chache zaidi. Lakini wasiozoea kutoka, kuanguka kwao nje kuliongezeka. Basi jibu linategemea mtu na kazi yake, na hilo dukani sikuulizwa, wala mimi sikujiuliza.

Kosa la 3: kuogopa kitu kwa namba ya kitu kingine

Nilimwambia mama mdogo kwamba maji yanarudisha UV kama theluji. Nilikosea. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, theluji safi inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya UV. Povu la bahari ni kama 25, mchanga mkavu wa pwani kama 15, na maji yenyewe chini ya 10.

Usipumue bado. Mlingotini iko nyuzi 6 na ushee kusini mwa ikweta, na UV nyingi inatoka moja kwa moja juu. Maji ya bamvua kwenye pwani yetu hupwa sana karibu na saa 4 asubuhi, kwa hiyo kazi inaelekea saa 6, jua likiwa utosini. Tena UV inaingia hata pembeni mwa miwani. Mwanga unaotoka upande wa sikio hupinda kwenye kioo cha jicho na kukusanyika upande wa pua, na ni upande huo ambako kile kinyama cha jicho, ambacho wavuvi na wakulima wengi wanacho, huanza kuota mara nyingi. Miwani nyembamba ya kupendeza, iliyo wazi pembeni, haizuii hilo hata ukiandikiwa nini kwenye lebo.

Na giza si kinga. Lenzi nyeusi isiyozuia UV inaweza kuwa mbaya kuliko kutovaa kitu, kwa sababu mboni inafunguka gizani na kuikaribisha mionzi. Tafuta maandishi UV400, maana yake inazuia mionzi hadi nanomita 400. Lebo inaweza kudanganya, kwa hiyo duka likiwa na kifaa cha kupimia UV, omba wakupimie mbele yako.

Mng'ao ni habari nyingine tena. Huo unatibiwa na lenzi ya polaroidi, inayozuia mwanga uliopangika kwa mlalo baada ya kugonga maji. Inafanya kazi vizuri zaidi ukitazama maji yaliyo kama mita 2 mbele yako, na kidogo sana ukitazama chini ya pua. Ndiyo kusema inafaa kwa kutembea na kuona unapokanyaga. Kwa fundo lililo mkononi haisaidii sana. Kuijaribu ni rahisi: itazame simu yako kupitia lenzi huku ukiizungusha lenzi. Kwenye simu nyingi kioo kitafifia kwenye pembe fulani.

Kwa nini siliachii duka lawama zote

Mwaka 2012 jarida la Aquaculture lilichapisha utafiti kuhusu wanawake wanaolima mwani Zanzibar. Walipoulizwa afya zao walitaja uchovu, maumivu ya viungo, majeraha ya wanyama na magamba makali, na matatizo ya macho. Yaani kila kitu kilichompata mama mdogo kilikuwa kimeshaandikwa. Mimi sikuusoma. Nilisoma habari za theluji.

Kinyume chake, tazama jaribio la PROSPER la Assam, India, lililochapishwa mwaka 2018. Wachuma chai wenye miaka 40 na zaidi walipewa miwani ya kawaida ya karibu, na tija yao ikapanda kwa asilimia 21.7 zaidi ya wenzao wasiopewa. Haikuwa miwani ya kugeuka rangi wala ya kila kitu. Ilikuwa lenzi moja kwa kazi moja. Ila mchuma chai hatembei majini, kwa hiyo usiichukue namba hiyo ukaibandika kwenye mwani. Ndilo kosa langu lile lile kwa sura nyingine.

Hukumu

Miwani ya kila kitu ni miwani ya dukani. Kwenye mwani nunua miwili ya bei rahisi badala ya mmoja wa bei mbaya. Wa kwanza ni wa karibu, lenzi nyeupe, wa kufungia mbegu ukiwa umekaa pwani. Wa pili ni wa majini: UV400, polaroidi, umepinda kufuata uso, una kamba ya kufunga kisogoni, na una namba ya mbali kama unaihitaji. Kabla ya yote mawili pima macho, kwa sababu ukungu unaweza kuwa mtoto wa jicho, na huo hauponi kwa miwani.

Sidai hii imemaliza. Fundo la majini mama mdogo bado analifunga kwa vidole vinavyojua, haoni vizuri. Chumvi na mchanga vinakwaruza lenzi. Lakini mng'ao umepungua, na anaona anapokanyaga.

Nilipompelekea ule wa pili aliugeuza geuza, akauliza, "Huu na wenyewe wa harusini?" Nikamwambia hapana, mama. Safari hii nilikuja kwanza kukutazama ukifanya kazi.

Nawe kabla hujamnunulia mtu miwani, nenda kamtazame.